Aliyeandika Majina Yetu

Hotuba iliyotolewa katika ibada ya shukrani kwa mama mchungaji aliyetimiza miaka 90, ambaye kwa sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa pia katibu wa kanisa

Bwana Yesu asifiwe!

Mchungaji kiongozi, wazee wa kanisa, mama zangu, kaka na dada, vijana mliojazana huko nyuma, na wewe Mama yetu, ambaye tangu nisimame hapa umeshaniangalia mara mbili kwa yale macho ya "usije ukazidisha": shikamoo sana.

Watoto wako wamesema ya nyumbani, tukacheka na tukafuta machozi. Mchungaji amesema ya kiroho. Mimi niliyerithi meza yako nimeombwa niseme ya ofisini, na nimekubali haraka kwa sababu naona ndiyo sehemu ya maisha yako inayosemwa kidogo kuliko zote.

Tukimsifu mama mchungaji huwa tunasifu yaleyale. Mkarimu. Mvumilivu. Mwombaji. Sipingi, na wewe Mama hayo yote unayo na ya akiba. Ila mtu akishasifiwa kwa uvumilivu peke yake, hakuna anayeuliza alikuwa akivumilia nini, wala ni nani aliyemtwika. Tena sifa za namna hiyo zina ujanja wake: hazidai mshahara. Kwa hiyo leo, kwa ruhusa yako, nitakusifu kwa kazi. Kazi yenye daftari, mhuri, tarehe na sahihi.

Naomba waliobatizwa katika kanisa hili wanyooshe mikono. Asanteni, shusheni. Karibu ukumbi mzima. Sasa ukiwaondoa hawa wadogo, mikono yote hiyo imo kwenye rejista kwa mwandiko mmoja ulioegemea kulia, wenye herufi J ya mkia mrefu. Namba, jina la mtoto, siku ya kuzaliwa, majina ya wazazi, wadhamini, tarehe ya ubatizo, mchungaji aliyebatiza. Pale mtoto alipoletwa na mama yake peke yake, safu ya baba ikabaki wazi, Mama hakuwahi kuijaza kwa neno la kumwaibisha mtoto yule ukubwani. Aliweka kistari kidogo, akaendelea na safu inayofuata. Nimezipitia kurasa hizo moja baada ya nyingine nikitafuta walau mahali pamoja ambapo hasira au umbea uliteleza ukaingia kwenye wino. Sikupaona.

Wengine mnakumbuka siku mlipokuja kufuata cheti cha ubatizo ili mfunge ndoa. Yupo mmoja, simtaji, alikuja na suala lake maalumu: mwaka wake wa kuzaliwa usogezwe mbele kidogo, apungue umri. Alikuja kwa heshima zote, na zawadi mkononi. Mama akamfungulia rejista, akauweka mstari wake chini ya kidole, akamwambia: "Hiki kitabu kilikuandika ukiwa huna hata jino. Cheo chako hakikijui." Zawadi akaondoka nayo.

Na kosa lilipokuwa kosa kweli, jina limeandikwa vibaya au tarehe imepishana, Mama hakufuta. Zile dawa nyeupe za kufutia hakuziruhusu hata zisogelee meza ya rejista. Alipiga mstari mmoja mwembamba juu ya kosa, ili lililoandikwa mwanzo liendelee kusomeka, akaandika sahihisho pembeni, akaweka tarehe na sahihi yake. Nilipoanza kujifunza kazi aliniambia, "Kitabu kilichofutwa hakiaminiki hata pale kiliposema kweli." Kuna ofisi kubwa kuliko yetu ambazo zingefaa kulisikia hilo.

Kazi hii ina mizizi mirefu. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII wa Uingereza, aliagiza kila parokia iwe na kitabu cha kuandikia ubatizo, ndoa na maziko, na kiandikwe kila Jumapili. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, nao ukaagiza maparoko watunze kitabu cha ndoa. Lakini kinachonivutia katika agizo lile la 1538 ni sanduku. Kitabu kilitakiwa kutunzwa ndani ya sanduku lenye kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa mchungaji, wa pili kwa wasimamizi wa mali za kanisa. Hakuna aliyeweza kulifungua peke yake.

Mama hakuwahi kumsoma Cromwell, lakini alifika palepale kwa akili yake mwenyewe. Mumewe alipokuwa mchungaji hapa na yeye akateuliwa kuwa katibu, wazee walimkabidhi funguo zote za kabati la chuma. Akarudisha mmoja. Akasema, "Mchungaji ni mume wangu, katibu ni mimi, halafu funguo zote zilale chumba kimoja? Hapana." Kabati likatiwa kufuli ya pili, na ufunguo wake ukakaa kwa mzee wa kanisa. Wakubwa wachache waliona anajitilia shaka bure. Mimi naona siku ile alilinda mambo matatu kwa mpigo: kanisa, ndoa yake, na jina la mchungaji.

Hapa niseme wazi, maana wapo watakaodhani kumsifu Mama ni kuusifu mpangilio. Mpangilio wenyewe, wa mchungaji na katibu kuwa mke na mume, una hatari. Muhtasari wa kikao ndio kumbukumbu ya kanisa, na kikao ndicho kinachomhoji mchungaji, kinachompangia posho, kinachopokea malalamiko juu yake. Mke wake akiwa ndiye anayeandika, mshirika mwenye lalamiko atalipeleka wapi? Fungueni majalada yetu mtaona Mama alivyofanya. Kila ilipofika ajenda inayomhusu mchungaji, muhtasari unasema "Katibu alitoka", na saa imeandikwa. Chini yake mwandiko unabadilika, ni wa mzee mmoja aliyekuwa akiandika kwa kukandamiza kalamu hadi karatasi ya pili. Kisha, "Katibu alirudi", na saa tena. Hakuna aliyemwagiza. Katiba ya kanisa wakati ule haikuwa na kifungu kama hicho, na mpaka leo, wazee wangu, haina. Kanisa lisilo na mama wa namna hii lisijaribu mpangilio huu. Na hata lenye mama wa namna hii lisiuegemee, kwa sababu tabia njema ya mtu mmoja haiwezi kushika nafasi ya katiba.

Nikiwa bado kwenye muhtasari: watu hudhani kuuandika ni kunasa kila kilichosemwa. Hiyo ni kazi ya kinasa sauti. Kuna kikao kimoja cha zamani kuhusu ununuzi wa vyombo vya muziki ambacho waliokuwepo wanakisimulia hadi leo. Wazee wawili waliambiana maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya madhabahu. Nilikwenda kusoma muhtasari wake kwa shauku, nakiri. Nikakuta: "Wajumbe walichangia kwa hisia. Azimio: suala lirudishwe kamati ya fedha." Basi. Wale wazee wawili wametangulia mbele ya haki, na wajukuu zao wamesimama bega kwa bega kwenye kwaya hii iliyoimba sasa hivi. Wakitaka kusoma kitabu, wakisome. Hawatakuta tusi la babu wa mmoja juu ya babu wa mwenzake.

Lakini kwenye fedha hali iligeuka. Aliyekuwa mchoyo wa maneno kwenye ugomvi, kwenye sadaka alikuwa na maneno mengi mno. Nani alihesabu, wangapi walikuwepo, noti ngapi na sarafu ngapi, nani alipeleka benki, stakabadhi namba gani. Ukifika kwenye "Yatokanayo na kikao kilichopita" unakuta anauliza, kwa adabu isiyo na huruma, ile hela ya mabati iliishia wapi.

Biblia nayo ina makatibu wake, ingawa hatuwahubiri sana. Yupo Baruku mwana wa Neria. Katika Yeremia 36 anaandika maneno ya nabii kwenye gombo, anakwenda kuyasoma hekaluni, gombo linafika mpaka kwa Mfalme Yehoyakimu. Ni majira ya baridi, mfalme ameketi na makaa yanawaka mbele yake. Kila zikisomwa safu tatu nne, anazikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote likaisha. Kazi yote ya Baruku ikawa majivu. Sura inamalizika Baruku akiwa ameketi tena na gombo jingine, anaandika yote upya, na mengine mengi yakiongezwa.

Siwezi kuisoma sura hiyo bila kukumbuka kompyuta yetu ya kwanza ilivyokufa na orodha nzima ya washirika. Vijana tulishika vichwa. Mama, ambaye alikuwa ameshastaafu na anatembelea fimbo, alifika ofisini akauliza swali moja tu: "Rejista ipo?" Ipo. "Basi mnalia nini?" Akavuta kiti, akasoma jina baada ya jina, nasi tukaingiza upya. Na mengine yakaongezwa, maana kila alipofika kwenye jina alitueleza huyu alihamia wapi, yule alimwoa nani, huyu barua yake ya uhamisho wa ushirika ilikwenda kanisa gani. Orodha ya pili ilitoka bora kuliko ile iliyopotea.

Yeremia 45 inagusa zaidi. Ni sura ya mistari mitano tu, na yote inamhusu Baruku aliyechoka. Analalamika kwamba amechoka kwa kuugua na hapati pumziko. Mungu anamwambia asijitafutie makuu, kisha anamwahidi uhai wake popote atakapokwenda. Nimefurahi kujua kwamba Maandiko yametenga sura kwa katibu aliyechoka. Na yule Tertio, aliyeuandika Waraka kwa Warumi huku Paulo akimtolea maneno, kapata mstari mmoja katika sura kumi na sita, 16:22, wa kuwasalimu wasomaji. Sura hiyohiyo inaanza na Fibi wa Kenkrea, ambaye wafafanuzi wengi wanaamini ndiye aliyeubeba waraka wenyewe hadi Rumi. Mwandishi mstari mmoja, mbebaji mistari miwili. Hata hivyo wametajwa.

Katharina von Bora hakuipata bahati hiyo kwa kiasi alichostahili. Alikuwa mtawa, akatoroka utawani mwaka 1523, akaolewa na Martin Luther, yule mwanamatengenezo wa kanisa wa Ujerumani, mwaka 1525. Tunamsoma Luther kama aliyeishi kwa vitabu na hoja, lakini nyumba yake ilikuwa jengo lililokuwa monasteri, limejaa wanafunzi, wageni na yatima, na aliyeiendesha ni Katharina: mashamba, mifugo, wapangaji, madeni. Barua za Luther kwa mkewe zipo nyingi hadi leo. Za mkewe kwake hazikubaki. Sauti ya mama yule tunaibahatisha kupitia majibu ya baba. Luther alipofariki mwaka 1546, wosia wake ulikuwa umemfanya Katharina mrithi, lakini haukufuata taratibu za sheria za Saxony, ikabidi mjane apiganie mali na hata malezi ya watoto wake. Vita ikamfukuza, tauni ikamfukuza tena, na mwaka 1552 akafariki huko Torgau baada ya ajali ya gari la farasi alipokuwa akiukimbia ugonjwa.

Mfano wenye nafuu ni wa Susannah Spurgeon, mke wa mhubiri Charles Spurgeon wa London. Afya yake ilikuwa mbovu kwa miaka mingi, mara nyingi hakuweza kutoka nyumbani. Mwaka 1875 alisoma kitabu kipya cha mumewe kwa wanafunzi wa uchungaji, akasema laiti kila mchungaji nchini angekipata. Mume akamuuliza: nawe utatoa nini? Mama akapanda juu, akavuta droo aliyokuwa akiwekea sarafu za akiba, akahesabu: zilitosha kununulia nakala mia moja. Kutoka kwenye droo ile ukazaliwa mfuko wa vitabu kwa wachungaji maskini, ambao hadi anafariki mwaka 1903 ulikuwa umetuma vitabu karibu 200,000. Barua akijibu yeye, hesabu akitunza yeye. Mumewe alipofariki mwaka 1892, ni yeye pamoja na Joseph Harrald, aliyekuwa katibu wa mumewe, waliokusanya karatasi na barua na kutoa simulizi ya maisha yake kwa juzuu nne. Bila mke na katibu, tungekuwa na mahubiri ya Spurgeon, lakini Spurgeon mwenyewe tungemjua kwa nusu.

Narudi kwako Mama, kwa jambo ambalo nilisita kulisema. Jana nilikuomba ruhusa, ukanijibu, "Sema, nimeshalizika." Nyumba ya mchungaji ni nyumba ya kanisa. Sote tunalijua hilo mchungaji akiwa hai. Baba mchungaji alipofariki, baada ya msiba, kikao kiliazimia familia ikabidhi nyumba ili mchungaji mpya aingie. Azimio lilikuwa halali na lugha yake ilikuwa ya heshima. Ila barua ilitakiwa kupigwa chapa, na mwenye mashine ya chapa alikuwa katibu. Mama aliweka karatasi, akaweka kaboni, akaweka karatasi ya pili, akaichapa. Akaipeleka kwa mwenyekiti isainiwe. Akaigonga mhuri. Akaiingiza kwenye kitabu cha barua zinazotoka, kisha akajikabidhi. Nakala ya kaboni ipo kwenye jalada mpaka leo, haina kosa hata moja la uchapaji. Sikuja nayo hapa. Haifai kupeperushwa mbele za watu. Lakini mjumbe yeyote wa baraza anayetaka kuiona, ofisi iko wazi kesho asubuhi, na ningependa mje.

Baada ya hapo aliendelea na kazi chini ya wachungaji waliofuata, akiishi chumba cha kupanga. Kila Jumamosi usiku alikuwa ofisini anachapa matangazo kwenye stensili, akizungusha mashine mpaka wino wa bluu unaingia chini ya kucha. Jumapili asubuhi mlimwona na glavu nyeupe, mkadhani ni urembo.

Na siri. Mama alichapa barua za watu kutengwa na barua za watu kurudi kundini. Alijua nani kaomba msaada wa ada, ndoa ya nani ina kikao Alhamisi. Halafu Jumapili akaketi kati yenu, akawapa mkono mlangoni, na usoni hamkusoma kitu. Waliotaka kupenyeza maneno kwa mchungaji kupitia kwake, "Mama, hebu mwambie baba usiku", waliambiwa: "Andika barua, nitaigonga mhuri wa kupokelewa."

Wazee wa kanisa, nafahamu siku ya shukrani haina ajenda, ila nimezoea kuandika mengineyo. Kazi ya katibu iwe na fungu kwenye bajeti, na mke wa mchungaji akiifanya apewe barua ya ajira na alipwe kama mtu mwingine yeyote. Mshahara wa mume si malipo ya kazi ya mke. Muda wa mjane kukaa kwenye nyumba ya kanisa uandikwe kwenye katiba, ili siku ya msiba lisiwe jambo la kuombea huruma. Lile bango la shaba pale mlangoni lina majina ya wachungaji na wenyeviti tangu jengo lijengwe. Makatibu hawamo. Nafasi chini imebaki, nimeipima. Jina lake alilobatizwa nalo nimelipata kwenye rejista ya ndoa, kwa sababu kwenye muhtasari wote ni "Katibu" na kwenye barua zenu za shukrani ni "Mama Mchungaji". Nilimwomba nilitaje leo, akakataa, kasema wanaolijua wanalijua. Kwa fundi wa bango nitalipeleka mwenyewe.

Vijana, ninyi mna simu zinazorekodi. Kwenye kabati kuna boksi la picha za zamani zisizo na majina nyuma. Mama anamtambua kila mtu, pamoja na aliyegeuza kisogo. Anapatikana mchana baada ya kupumzika. Nendeni wawiliwawili, msiende kumi, na msimkatize akianza kueleza nani alikuwa shangazi wa nani, kwa sababu humo ndimo yaliyomo.

Ningeendelea, ila ratiba ya leo Mama ameichapa mwenyewe, alikataa katakata nimsaidie, na mbele ya jina langu ameandika dakika kumi na tano. Kwa saa ile ya ukutani nimeshakula na za kwaya. Kwaya, karibuni.